Mchuzi wa Kamba, na Mchuzi wa Tabora



Safari hii twaacha habari za bei na palizi, twaingia jikoni. Katika nyumba nyingi za wakulima wa karafuu, karafuu huuzwa hata ya mwisho, na siku ya kupika mchuzi mtoto hutumwa dukani kununua paketi ya bizari iliyotoka mbali. Jambo hili hutuhuzunisha kidogo. Basi somo letu ni mchuzi wa kamba, lakini tutaanzia Tabora, mahali ambapo kamba hafiki.

Tulialikwa harusi huko kwa jamaa zetu, tukajisifu mapema kwamba tutawapikia mchuzi wa kamba wa kwetu. Tulinunua kamba Dar es Salaam, tukawatia katika sanduku la barafu, tukaondoka. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya reli. Gari letu likaharibika njiani, tukalala hapo, barafu ikawa maji. Tulipofika, shangazi mwenye nyumba alifungua sanduku, akanusa, akalifunga.

“Wanangu,” akasema, “hawa wazikeni, na shimo liwe refu, mbwa wasije wakawafukua. Kisha nawieni mikono, mje nikuonyesheni mchuzi wa hapa.”

Tuliona haya, lakini tulipata faida. Tulikuwa tukidhani kwamba mchuzi ni kamba. Kumbe mchuzi ni kitu kimoja na kitoweo ni kingine. Mchuzi husafiri; kitoweo hutafutwa palepale ulipo.

Na mchuzi ulikwisha safiri zamani. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871, akatembea karibu miezi mitatu. Alipofika, Waarabu wa huko, ambao biashara yao ilitoka Unguja, walimpelekea wali, mchuzi wa kuku wenye bizari, mikate ya ngano na matunda. Kuku, si kamba! Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo ulipungua, lakini kamba hakai hata siku mbili za joto.

Njia ile haikupitisha pembe na bizari tu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye kulipwa ujira, lakini walipita pia watu waliofungwa, na baadhi yao waliishia katika mashamba ya karafuu ya visiwani. Mkulima wa karafuu aifikapo Tabora hana haki ya kujifanya mgeni.

Sasa twende jikoni. Kwa watu watano, nunua kamba kilo moja pamoja na vichwa. Kamba mzuri kichwa chake kimeshika, ganda lake lang'aa, naye hanuki ila bahari. Akinuka kama mkojo, mrudishie mwenyewe. Ndimu na pilipili hazimponyi kamba aliyeoza, zamficha tu, na anayeumia ni mlaji. Tena uliza kwanza kama yuko mgeni ambaye kamba humdhuru, maana wako watu ambao kipande kimoja huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi.

Menya, pasua mgongo, toa ule uzi mweusi. Vichwa na maganda usitupe. Vioshe, uvichemshe kwa vikombe viwili vya maji kwa robo saa, uchuje: hiyo ndiyo supu yako, na utamu mwingi wa kamba umo humo. Kamba wenyewe wapake chumvi na bizari ya manjano kidogo. Kuna nazi moja kubwa, ukamue tui zito kikombe kimoja na tui jepesi vikombe viwili.

Kaanga vitunguu maji viwili kwa moto wa kiasi mpaka viwe rangi ya dhahabu. Hapa ndipo wapishi wengi wenye haraka huharibu. Kisha tia thomu na tangawizi zilizopondwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa, kipande cha mdalasini, na karafuu mbili nzima. Mbili, si sita! Mafuta ya karafuu ndiyo yale yanayotiwa jinoni kuondoa maumivu. Ukizidisha, ulimi hufa ganzi na wageni hawaonji kitu kingine. Chagua karafuu iliyonona, ambayo ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta. Makonyo yaache, hayo ni ya kiwandani.

Tia tungule tatu zilizokatwa, upike mpaka mafuta yajitenge. Mimina supu na tui jepesi, pilipili moja nzima, uache uchemke robo saa. Tia tui zito, ukoroge polepole bila kufunika, lisije likakatika. Ukiisha kuonja chumvi, na mchuzi umekuwa kama upendavyo, ndipo utie kamba. Dakika tatu au nne zatosha. Wakigeuka rangi na kujikunja, epua, ukamulie ndimu. Anayewachemsha nusu saa hula mpira.

Shangazi wa Tabora alianza vilevile, kwa kitunguu na tungule na karafuu, akatumia karafuu moja tu kutoka katika mfuko tuliompelekea, ambao haukuharibika njiani. Lakini pale tulipotaka nazi, alitoa karanga. Na badala ya kamba, dagaa wa Kigoma, ambao huvuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Tanganyika na kuanikwa juani.

Dagaa, vikombe viwili, aliwaloweka katika maji ya moto kwa dakika kumi, akawaosha kwa maji matatu kwa sababu ya mchanga, akawakausha, akawakaanga mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika. Karanga kikombe kimoja alizikaanga, akazipepeta maganda, akazitwanga mpaka zikawa laini. Kabla ya hapo alizichambua moja moja, akitupa kila iliyosinyaa au yenye ukungu, kwa kuwa karanga ya namna hiyo huweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Tulimsaidia kazi hiyo, na ilituchukua muda kuliko kupika kwenyewe.

Unga wa karanga usiutie mkavu, utafanya madonge. Ukoroge kwanza kwa maji ya uvuguvugu, ndipo uumimine juu ya kitunguu na tungule, moto mdogo, mwiko usitoke mkononi, kwa maana hushika chini upesi. Baada ya dakika kumi na tano tia dagaa, ufunike, uache dakika tano nyingine, kisha ndimu. Ukiwa mzito mno ongeza maji ya moto, si baridi.

Tuliula kwa ugali. Siku ya harusi wageni walipewa wali na nyama, lakini sisi watu wa visiwani tulikwenda nyuma jikoni kuuliza kama dagaa wa jana wamebaki.