Silaha Nyumbani: Mafunzo Kwanza

Baadhi ya wakazi wana leseni ya kumiliki bastola au bunduki ili kujilinda. Leseni hiyo haitolewi na serikali ya kaunti. Hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, baada ya mwombaji kuchunguzwa. Hata hivyo, leseni ni ruhusa tu. Ujuzi hupatikana kwa mafunzo na mazoezi ya mara kwa mara.

Anayesukuma mlango saa nane usiku huenda ni mwizi. Huenda pia ni kijana wa nyumba hiyo aliyechelewa kurudi. Wakati huo moyo hudunda na mikono hutetemeka. Mafunzo humsaidia mwenye silaha kutambua kwanza aliye mbele yake.

Mambo manne ya msingi

1. Hesabu kila silaha kuwa ina risasi. Kutoa magazini hakutoshi, kwani risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba.

2. Usielekeze mtutu mahali usipokusudia kupiga.

3. Weka kidole mbali na kifyatulio hadi utakapoamua kufyatua.

4. Jua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Risasi hupenya mabati na mbao, ikafika chumba wanacholala watoto au nyumba ya jirani.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua haki ya kujilinda na kulinda mali. Lakini mahakama huangalia kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari iliyokuwepo. Mwizi anayetoroka na televisheni hatishii tena maisha ya mtu. Kumpiga risasi mgongoni kunaweza kumfikisha mwenye nyumba kortini kwa shtaka la mauaji.

Sheria ya Silaha nayo inamtaka mwenye leseni aitunze silaha salama wakati wote, isifikiwe na mtu asiyeruhusiwa. Chini ya mto au juu ya kabati si mahali salama, maana watoto hupajua. Ifungie ndani ya sefu, na funguo zisizagae. Silaha ikipotea au kuibwa, piga ripoti polisi mara moja.

Wasio na silaha

Familia nyingi hazina silaha, na zinaweza kujilinda kwa mpango mzuri. Chagueni chumba kimoja chenye mlango imara na kufuli. Kila mmoja, hata mtoto, ajue kukimbilia humo. Simu iwe na chaji. Pigeni 999, 112 au 911, kisha mwarifu majirani na mzee wa Nyumba Kumi.

Mwenye silaha aliyefunzwa vyema huanza na hatua hizi hizi. Risasi ikishatoka hairudi.