UJIRA WA MTU WAKO WA KAZI NI DENI



Wewe mwenye bulanjeri kule Kasuku, depo Mikelenge, ao mtumbwi wa mota unaovusha watu kwenda Alunguli: kijana anayekubebea mizigo ni mfanyakazi mbele ya sheria. Usiseme, "Duka langu ni dogo." Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inawahusu waajiri wote wa nchi hii. Wala usiseme, "Hatukuandikiana." Sheria hiyo inamruhusu asiye na karatasi kuonyesha mkataba wake kwa njia nyingine, hata kwa mashahidi.

Ujira wa chini kabisa uliwekwa franka 1,680 kwa siku mwaka 2008, na 7,075 mwaka 2018. Mwaka 2025 serikali iliupandisha: kwanza 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Lakini mkaguzi wa kazi hawezi kuingia kila duka. Kijana naye anaogopa kushtaki, kwa maana wengine wanangoja nafasi yake mlangoni. Basi haki yake imebaki shingoni mwako.

Utauliza: "Shehe, faida yangu ya siku haifiki hapo. Nimfukuze?" Ukimfukuza, watoto wake watalala njaa. Ukimtumikisha na kunyamaza, umemdhulumu. Fanya hivi:

1. Taja ujira kabla ya kazi, mbele ya mashahidi wawili. Nabii Musa (a.s.) alipatana na mzee wa Madyan idadi ya miaka kabla ya kuanza kumchungia.

2. Sahani ya chakula na nguo kuukuu ni wema wako. Usizikate kwenye mshahara kwa siri.

3. Lipa siku mliyoagana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. "Pita kesho" ya kila siku ni dhuluma.

4. Kama kweli huwezi kufikia ujira wa sheria, mfanye mshirika: wewe utoe mali, yeye atoe kazi, mgawane faida kwa fungu mlilopatana. Hiyo ndiyo mudharaba. Lakini daftari liwe wazi, naye alione. Ukimwita mshirika huku unamficha hesabu, umemdhulumu mara mbili.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, mwenye kumtumikisha mtu kazi kamili akamnyima ujira atakuwa na Mwenyezi Mungu Mwenyewe kama mshtaki wake Siku ya Kiyama. Hapo hapana wa kumpa kitu kidogo ili afunge macho.

Leo jioni, kabla ya kufunga duka, hesabu unachodaiwa. Mwenyezi Mungu atusaidie kulipa tungali hai. Amin.