Robo ya Nini? Mwongozo wa Kufundisha Watoto Mdundo na Nota kwa Kutumia Sehemu

Mwongozo huu ni kwa walimu wa kwaya za watoto na walimu wa shule za msingi wa Temeke na Kinondoni, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, wanaotaka watoto wausome mdundo badala ya kuukariri tu. Kinanda si lazima. Ubao, chaki na karatasi za daftari lililokwisha vinatosha, ilimradi mwalimu mwenyewe anaweza kushika mapigo bila kuyumba.

Anza na tonic solfa, kwa kuwa ndiyo maandishi ya muziki ambayo kwaya zetu nyingi tayari zinayo kabatini. Mfumo huu uliendelezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, akitumia msingi uliowekwa na Sarah Glover, kisha wamisionari wakaueneza Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897, kwa solfa hiyohiyo, wimbo uliotupatia tuni ya wimbo wetu wa taifa. Bahati mbaya solfa mara nyingi hufundishwa kama majina ya sauti tu, do, re, mi, na vialama vilivyo kati ya herufi vikaachwa. Hesabu yote imo humo. Nukta mbili (:) hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja (.) hulikata pigo katika nusu mbili, na mkato (,) huikata nusu tena ikawa robo mbili. Kistari (–) huendeleza sauti iliyotangulia. Kwa hiyo d.r ni nusu na nusu; d,r.m ni robo, robo na nusu, d.,r ni robo tatu ikifuatwa na robo.

Katika kipindi cha kwanza kila mtoto akate ukanda wa karatasi na kuuita pigo moja. Aukunje apate 1/2, aukunje tena apate 1/4, aandike namba hizo juu ya vipande. Kisha aimbe anachokisoma. Usitegemee makofi peke yake. Kofi ni fupi siku zote: la pigo zima na la robo husikika sawa, na tofauti yake iko kwenye nafasi inayofuata, ambayo mtoto haisikii. Mguu ushike pigo, na mdomo uimbe "naa" kwa urefu wote wa kipande. Pale palipoachwa wazi, mdomo ufungwe lakini mguu uendelee, ili mtoto atambue kuwa kimya nacho kina urefu na kinahesabiwa.

Hapo utapata nafasi ya kurekebisha kosa linalosumbua vipindi vingi vya Hisabati. Mtoto hujumlisha 1/2 na 1/4 akaandika 2/6, kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Usikimbilie kumpa kanuni. Mwimbishe nusu ya pigo, halafu nusu na robo zikiwa zimeunganishwa. Atasikia sauti imerefuka, ilhali 2/6 ni theluthi, ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Kabla ya pigo linalofuata kunabaki kimya cha robo moja. Muulize: ukiondoa robo kwenye pigo zima, umeimba kiasi gani? Atasema robo tatu, na sasa ndipo kanuni ya kutafuta asili moja itakuwa na maana kwake.

Rudia zoezi lilelile kwa kasi mbalimbali. Watoto wa Dar es Salaam wamekulia kwenye singeli, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na wanaweza kudhani robo ni jina la sauti ya haraka. Imbeni polepole kama tenzi, kisha ongezeni kasi. Robo ibaki robo ya pigo.

Wakishaimudu solfa, nenda kwenye stafu, yaani nota za mistari mitano. Mtoto atakayeingia bendi ya tarumbeta, au baadaye kusoma chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo au Dhow Countries Music Academy iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, ataihitaji. Hapa ndipo walimu wengi huwapoteza watoto. Kwenye stafu majina hupimwa kutoka nota nzima, ambayo katika baa ya 4/4 hujaza mapigo manne, hivyo nota robo huwa pigo zima. Mtoto uliyemzoesha kuita robo kipande cha pigo atachanganyikiwa, na ana haki. Dawa ni kuuliza kila mara: robo ya nini? Gundisha kanda nne ziwe ukanda mmoja mrefu, uite nota nzima. Karatasi iliyokuwa 1 jana leo ni 1/4, ingawa haijakatwa, kwa sababu kizima chake kimebadilika. Mtoto anayelielewa hilo ameelewa sehemu, si muziki peke yake.

Nukta nayo itajwe kwa uangalifu. Katika solfa hukata pigo. Katika stafu, ikiwekwa baada ya nota, huiongezea nusu ya urefu wake, hivyo nota robo yenye nukta ni 1/4 + 1/8, yaani 3/8. Usifundishe matumizi haya mawili katika wiki moja.

Namba za mwanzo wa stafu, kama 3/4 na 6/8, zinafanana na sehemu lakini zisifundishwe kama sehemu. Ubaoni ziandike moja juu ya nyingine bila mstari katikati. Katika Hisabati 6/8 ni sawa na 3/4. Katika muziki zote zina thumni sita, ila mgawanyo ni tofauti: 3/4 ni mbili-mbili mara tatu, 6/8 ni tatu-tatu mara mbili. Darasa zima lihesabu moja hadi sita mfululizo. Kundi moja ligonge ndoo kwenye moja na nne, jingine ligonge dumu kwenye moja, tatu na tano. Watakutana kwenye moja tu. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki hupigwa hivyo, mbili na tatu kwa pamoja, na baadhi ya watoto wataushika mdundo huo haraka kuliko mwalimu. Waache waongoze.

Kwa kupima, mpe kila mtoto baa tupu ya 4/4 aijaze atakavyo na kuandika jumla chini yake. Akifikisha 5/4, usimfutie. Darasa lihesabu mapigo naye aimbe. Sauti yake itaingia hadi kwenye "moja" ya baa inayofuata, na kila mtu ataisikia. Kisha achague mwenyewe nota ya kupunguza, abadili jumla, aimbe tena.