Kifuko cha moyo kinacholeta kiharusi

Mtu apandaye ngazi za jengo refu katika River Road na kufika juu moyo ukimdunda ovyo, aghalabu hulaumu uzee. Huteremka, akaingia duka la dawa, akanunua aspirini na kuelekea stendi ya matatu. Huenda mtu huyo amekosea mara mbili.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Yakiwa hayana mpango, mwone daktari akupime moyo kwa mashine. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu iliyotuama huganda, na donge likichomoka hadi ubongoni huleta kiharusi. Hatari ya kiharusi huongezeka takriban mara tano, na aspirini si kinga ya kutegemewa.

Kwa wagonjwa ambao vali zao ni nzima, madonge mengi hufanyika katika kifuko kidogo kilicho kwenye chumba cha juu cha kushoto. Ndiyo sababu kulibuniwa kizibo kiitwacho Watchman, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Hupitishwa kwa mrija kutoka mshipa wa kinena hadi moyoni, kikaziba mlango wa kifuko. Kifua hakipasuliwi. Huwafaa hasa wale wasioweza kutumia dawa za kuzuia damu isigande kwa muda mrefu.

Lakini hapa kwetu wagonjwa wengi, hata vijana, waliharibika vali kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Kwao madonge hufanyika hata nje ya kifuko, hivyo kizibo hicho si tiba yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za zamani za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroksabani.

Wafarini iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Siri yake ni kiasi. Kipimo cha damu kiitwacho INR kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huganda. Kikipanda mno, mtu huvuja damu.

Je, mgonjwa aache sukuma wiki? La. Mboga hiyo ina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa. Basi ale kiasi kilekile kila wiki. Asichanganye wafarini na aspirini au mitishamba bila kumwuliza daktari. Mwanamke anayetaka kushika mimba amwone daktari mapema, kwani wafarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, usingoje kesho. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.