Hati za Kale za Mayahudi na Yapasayo Kusemwa Juu Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja wa darasa hili, mwenye duka Makindu katika Makueni, ametuandikia khabari iliyotutia haya. Siku moja alikuwa barazani akizungumza na mwalimu mmoja wa Kikamba, Mnasara, mtu mzima mwenye adabu zake. Ndugu yetu akasema kuwa hati za kale zilizogunduliwa Palestina zimethubutisha kwamba Taurati yote iliyoko mikononi mwa watu leo ni ya kuzuliwa. Yule mwalimu akamuuliza kwa upole, “Katika hati hizo, bwana, wewe umesoma ipi?” Ndugu yetu akanyamaza. Maneno yale hakuyasoma popote. Aliyasikia kwetu, darasani. Basi kosa ni letu, na ni juu yetu kulisahihisha.

Khabari ya hati zenyewe ni hii. Baina ya mwisho wa mwaka 1946 na mwanzo wa 1947, wachungaji wa Kibedui walikuta mitungi ndani ya pango huko Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, na ndani yake mna magombo ya ngozi. Kufikia mwaka 1956 mapango 11 yalikuwa yamekwisha kutoa hati, na vipande vilipopangwa vilionekana kuwa ni vya hati zaidi ya 900. Zaidi ya 200 katika hizo ni za vitabu vya Agano la Kale. Zilizosalia ni sala, kanuni za jamaa na tafsiri za maandiko. Wataalamu wanakadiria kuwa ziliandikwa tangu karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa mpaka karne ya kwanza baada yake. Na kabla ya hapo, nakala kongwe za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa kwa Agano la Kale zima zilikuwa za karne ya 10 na mwanzo wa karne ya 11. Kwa hivyo msomaji amerudishwa nyuma kiasi cha miaka elfu moja.

Hati hizo zimetufunza mambo mawili, na mwenye insafu huyataja yote mawili.

La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya maandiko imehifadhika. Gombo la Isaya, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lina milango yote 66. Lilipolinganishwa na nakala za baadaye, lilikutwa ni kitabu kile kile. Khitilafu ni nyingi, lakini zaidi ni za imla na za maneno machache machache. Mwenye kudai kuwa kitabu hicho kilitungwa upya katika zama za kati hana pa kusimama.

La pili ni kwamba vitabu vingine vilikuwa na nakala zaidi ya namna moja. Kitabu cha Yeremia katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ni kifupi kuliko cha Kiebrania, na huko Qumran kilipatikana kipande cha Kiebrania kinachoafikiana na kile kifupi. Na tumtazame Jalut, aliyeuawa na Nabii Daud. Nakala ya Kiebrania iliyozoeleka yasema kimo chake kilikuwa dhiraa sita na shibiri, karibu na mita 3. Gombo la Samueli lililotoka pango la nne lasema dhiraa nne na shibiri, yaani kiasi cha mita 2. Qur'ani imemtaja Jalut, wala haikutaja kimo chake.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Chukua utenzi mmoja wa kale, uutazame katika nyumba mbili za Lamu: hapa beti zimezidi, kule neno limegeuka. Hatusemi kwa hayo kwamba mwandishi alikusudia uwongo. Twaziweka nakala mbili pamoja, tukapima.

Na Wakamba je? Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alisafiri Ukambani mwaka 1849 akapokewa na Kivoi wa Kitui, na Injili ya Marko aliyoifasiri kwa Kikamba ilichapishwa Ujerumani mwaka 1850. Wamisionari wengine walianza kazi Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956, mwaka ule ule lilipogunduliwa pango la 11. Gombo la Samueli halikuchapishwa kamili ila mwaka 2005. Basi msomaji wa Kitui au wa Makueni hakuficha kitu, amesoma alichopokea. Kumwita mzushi ni dhuluma.

Ulamaa wetu wenyewe wamekhitalifiana: wako waliosema mageuzi ya vitabu vile yalikuwa katika maana, na wako waliosema yalikuwa katika matamko pia. Na Mtume wetu ametufunza kuwa wayasimuliayo watu wa Kitabu tusiyasadikishe wala tusiyakadhibishe. Tena hati za Qumran hazimtaji Nabii Isa wala Mtume Muhammad, na atakayesema zimewataja amesema pasi na ilimu.

Kadhalika, apendaye kuwapima wenziwe na akubali kupimwa. Kurasa za kale za Qur'ani zilizopatikana Sanaa mwaka 1972 zinachunguzwa na wataalamu kama zile za Qumran, na sisi hatuna sababu ya kuuogopa uchunguzi huo.

Tumemwandikia ndugu yetu arudi kwa yule mwalimu, amtake radhi, na ampelekee maelezo haya wayasome pamoja. Nasi tunawataka radhi nyote mliotusikia. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema tulijualo, na kunyamaza pale ilimu yetu inapokoma. Amin.