Usubi na Mbu: Jinsi ya Kuwatambua kwa Maumbile Yao

Jua lituapo, wakazi wa Gazi, Msambweni na Diani huanza kujipiga vibao miguuni. Wadudu wadogo mno hutoka katika matope ya mikoko, nao huuma kama cheche za moto. Wengine huingia hata ndani ya chandarua. Ndipo mwenyewe husema, "Hiki hakina faida," akakiweka kando. Hilo ni kosa la hatari, kwa maana amechanganya maadui wawili.

Wa kwanza ni usubi. Urefu wake ni milimita 1 hadi 3 tu, kwa hiyo huweza kupenya katika matundu ambayo mbu hawezi kuyapita. Ana kibyongo karibu na kichwa, na mdomo wake ni mfupi. Akitua, huyalaza mabawa yake mawili juu ya mgongo, moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofungwa. Kwa kioo cha kukuzia, aghalabu madoa meupe na meusi huonekana mabawani.

Wa pili ni mbu. Miguu yake ni mirefu, mdomo wake mrefu kama sindano, na mabawa yake yana magamba madogo sana. Yule aenezaye malaria, aitwaye Anofelesi, hujulikana kwa mkao wake: akitua ukutani huinamisha kichwa na kuinua mkia, hali mbu wengine wengi huulaza mwili sambamba na ukuta.

Kwa usubi na kwa mbu, jike peke yake ndiye anyonyaye damu, apate kukomaza mayai. Dume hujulikana kwa vipapasio vyenye nywele nyingi, mfano wa unyoya wa ndege.

Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Baadaye ilithibitishwa kwamba malaria ya binadamu huenezwa na Anofelesi. Usubi haenezi malaria.

Basi aumwaye na usubi chandaruani asikitupe. Yafaa avae nguo ndefu jioni, na kila usiku akichomeke chandarua chake chini ya godoro, watoto na wajawazito wakitangulizwa kulala ndani yake. Mwasho wa usubi hupita, malaria huua.