Gari Linalotetemeka Majira ya Baridi: Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kulipa

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa zamu ya usiku katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Alfajiri anatoka kazini, anafuta theluji iliyolala juu ya vioo na paa la gari lake, kisha anashika barabara kuu. Anapofikia mwendo wa maili 45 kwa saa, usukani unaanza kutikisika mikononi mwake kana kwamba gurudumu lataka kuchomoka. Jana gari lilikuwa zima. Anaingia katika gereji ya kwanza aionayo, na kabla ya adhuhuri amekwisha kukubali kulipia beringi mbili na shokomzoba. Kumbe kilicholitikisa gari ni theluji iliyoganda ndani ya rimu, ambayo ingeweza kuondolewa kwa kijiti na maji ya uvuguvugu.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtumiaji wa namna hiyo, hasa yule aliyejifunza kuendesha gari katika nchi isiyo na theluji. Halikusudii kumfanya fundi. Linakusudia kumwezesha kuuliza maswali yanayofaa, na pia kujua ni mtetemo upi hauwezi kungoja hata siku moja.

Theluji ndani ya rimu

Gurudumu huzunguka bila kutikisika kwa sababu uzito wake umesawazishwa pande zote. Fundi huusawazisha kwa kubandika vipande vidogo vya chuma kwenye rimu, na kipande cha gramu 30 tu kikianguka, dereva huweza kuhisi tofauti usukanini. Sasa fikiri donge la theluji mbichi lililoganda upande mmoja wa rimu: uzito wake ni mara nyingi zaidi ya huo. Ndiyo maana mtetemo wa aina hii huanza ghafla baada ya kupita kwenye theluji nene au kuegesha gari penye theluji ya majimaji, nao huzidi kadiri mwendo unavyoongezeka.

Kabla ya kumwendea fundi, inama utazame nyuma ya matundu ya rimu kwa kurunzi. Ukiona barafu, iondoe kwa kijiti cha mbao au plastiki. Usitumie nyundo wala bisibisi, kwani utakwaruza rimu au kuharibu mpira wa breki. Maji yanayochemka nayo hayafai. Aliye na karibu naye sehemu ya kuoshea magari yenye maji ya moto ya shinikizo atamaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Mtetemo ukitoweka, hakuna cha kutengeneza.

Tairi lililolala na tairi lililopungua upepo

Gari likiegeshwa usiku kucha katika baridi kali, sehemu ya tairi iliyogusa ardhi hukakamaa ikiwa bapa. Asubuhi gari huenda kwa kudundadunda, kisha tairi hupata joto na kurudi katika umbo lake baada ya maili chache. Mtetemo unaokwisha wenyewe namna hiyo si ugonjwa.

Upepo wa tairi ni jambo jingine. Kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti zinazoshuka, tairi hupoteza takriban paundi 1 ya shinikizo. Tairi lililojazwa paundi 35 siku ya nyuzi 60 litakuwa na paundi zipatazo 28 nyuzi zikishuka hadi 10 chini ya sifuri, bila ya kuwa na tundu lolote. Hapa wengi hukosea kwa kuitegemea taa ya dashibodi. Kanuni za Marekani zinairuhusu taa hiyo kungoja hadi upungufu ufikie asilimia 25 ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, yaani karibu paundi 26 kwa tairi la mfano wetu. Paundi 28 hazitaiwasha, ilhali tairi linalika vibaya na gari linayumba. Pima kwa kipimo cha mkono kabla gari halijatembea, ukifuata kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, wala si kiwango cha matumizi.

Mashimo ya mwisho wa majira

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yakiwa yamepenya chini ya lami, huinua barabara. Yakiyeyuka, huacha uwazi, na magari mazito huukanyaga hadi shimo litokee. Kwa hiyo mwezi Machi huharibu rimu nyingi kuliko Januari. Mtetemo ulioanza mara baada ya kishindo cha shimo huashiria rimu iliyopinda, kipande cha kusawazishia kilichodondoka, au nyuzi za ndani ya tairi zilizokatika. Uvimbe ubavuni mwa tairi ni dalili ya hilo la mwisho: tairi hilo halizibwi wala haliendeshwi tena kwa kasi, linabadilishwa.

Nati za magurudumu

Mtetemo mmoja hauna subira. Watu wengi hubadili matairi mwanzoni na mwishoni mwa baridi. Chumvi inayomwagwa barabarani huleta kutu kati ya rimu na kitovu cha gurudumu. Fundi mwenye haraka akifunga gurudumu juu ya magamba ya kutu, halikai sawasawa, na magamba yakisagika nati hulegea. Dalili yake ni mtetemo unaoongezeka siku hadi siku, pengine pamoja na sauti ya kugongagonga hata kwa mwendo mdogo. Ukihisi hivyo katika siku za kwanza baada ya kubadili matairi, simama mahali salama ukague nati zote. Gurudumu limewahi kuchomoka likiwa barabarani, na anayeumia si dereva peke yake.

Omba nati zikazwe upya kwa spana ya kipimo baada ya maili 50 hadi 100. Gereji nyingi hufanya hivyo bila malipo, lakini mteja asiyeuliza haambiwi.

Namna ya kumweleza fundi

Usimwambie fundi akubadilishie kitu fulani. Mweleze unachokihisi na wakati unapokihisi. Ukitikisika usukani, mara nyingi kasoro iko magurudumu ya mbele. Ukitikisika kiti, iko nyuma. Mtetemo unaokuja unapokanyaga breki tu huelekeza kwenye diski zilizoharibika kwa kutu au kalipa iliyonata. Unaokuja unapoongeza mafuta huelekeza kwenye ekseli. Gari likitetemeka hali limesimama, tazama injini na raba zinazoibeba, ambazo hukakamaa kwa baridi; taa ya injini ikimweka, usiendelee na safari ndefu. Na jambo moja linalowashtua wageni bila sababu: breki zikidundadunda chini ya mguu juu ya barafu, huo ni mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga ukifanya kazi yake. Endelea kukanyaga.

Haki za mteja gerejini

Huko Minnesota, sheria inampa mteja haki ya kudai makisio ya gharama kwa maandishi kwa matengenezo mengi yanayozidi dola 100. Akishapewa, gereji haiwezi kumtoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makisio hayo bila kumjulisha na kupata idhini yake. Majimbo mengine yana sheria zao, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndiyo mahali pa kuuliza. Dai makisio kabla gari halijainuliwa kwa jeki, na omba uonyeshwe vipuri vilivyotolewa.

Ikiwa gari lingali ndani ya dhamana, sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kuifuta dhamana kwa sababu tu umehudumiwa na gereji nyingine. Dhamana ya tairi, kwa upande wake, mara nyingi haigusi madhara ya mashimo, isipokuwa ulinunua nyongeza ya madhara ya barabarani. Tafuta karatasi yake kabla ya kulipia tairi jipya. Mwenye kutaka kuidai serikali kwa ajili ya shimo apige picha ya shimo, ya tairi na ya alama ya barabara iliyo karibu siku ileile, atunze risiti, na apeleke madai kwa maandishi kwa mamlaka inayomiliki barabara hiyo: jiji, kaunti au jimbo. Muda wa kudai ni mfupi, na madai yaliyopelekwa kwa ofisi isiyohusika hayasimamishi siku zisihesabiwe.